Kwa Nini Yeye, Kwa Nini Sisi?

Mtu wa makamo akianguka ghafla akafa kwa ugonjwa wa moyo, maswali matangani hayakawii. Alikuwa anavuta? Alikuwa anakunywa? Hakujua kwamba ana presha? Wanafunzi wa Yesu nao, walipomwona yule mtu aliyezaliwa kipofu, walitaka kwanza kujua dhambi ilikuwa ya nani. Bwana hakuwapa jina la mkosaji. Sisi bado tunamtafuta, maana akishapatikana, wengine tunarudi nyumbani tukijiona salama.

Mwaka 1985 daktari Mwingereza, Geoffrey Rose, aliandika makala iliyotenganisha maswali mawili ambayo huwa tunayachanganya. La kwanza, kwa nini huyu ameugua? La pili, kwa nini ugonjwa huu umejaa kwa watu hawa na kwa wale ni nadra? Alilinganisha vipimo vya shinikizo la damu vya wafugaji wa kuhamahama wa Kenya na vya watumishi wa serikali wa London. Katika kila kundi walikuwapo wa juu na wa chini, lakini kundi la London lilikuwa limesogea juu lote zima. Aliyekaa London akiuliza tu kwa nini fulani amewazidi wenzake, asingeona kamwe kwamba hao wenzake nao wamepanda.

Baadaye Rose alikuwa miongoni mwa watafiti waliowafuatilia Waluo waliohama vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Shinikizo la damu la wahamiaji lilizidi la wale waliobaki nyumbani, na tofauti ilianza kuonekana mapema tu baada ya kufika mjini. Uzito wao ulikuwa mkubwa zaidi, na mkojo wao ulionyesha kwamba walikuwa wakila chumvi zaidi, na potasiamu, ile inayopatikana kwenye matunda na mboga, kidogo. Hawa hawakuwa wamegeuka kuwa walafi njiani. Walikula kile ambacho mji unawauzia watu wake.

Basi kama ugonjwa uko katika chungu tunachopakua wote, nani atubu?

Hesabu nyingine ya Rose inatusumbua zaidi. Katika mji wa Framingham, Marekani, watu 5,209 walianza kufuatiliwa mwaka 1948 ili ijulikane ni nini kinachoutangulia ugonjwa wa moyo. Kwa takwimu za huko, Rose alikadiria hivi: wanaume wakibadili chakula utu uzima wao wote hadi umri wa miaka 55, lehemu katika damu ikapungua kwa asilimia 10, basi kati ya wanaume 50 wenye hatari ya wastani, mmoja hivi ataepuka mshtuko wa moyo. Wengine 49 watajinyima kila siku kwa miaka mingi, na huenda wasipate lolote.

Je, ni haki kuwaomba hao 49? Mtume Paulo alikuwa tayari kuacha nyama kabisa kwa ajili ya ndugu aliye dhaifu. Lakini ndugu wa Korintho alikuwa na sura, na Paulo angeweza kumsalimu. Huyu wetu hana jina. Hata yeye mwenyewe hatajijua. Tunaamini kwamba deni la upendo linabaki palepale, ila lazima tukiri ni deni gumu kulilipa, na halilemei kila mtu sawasawa. Huko Karelia Kaskazini, Finland, kampeni kubwa dhidi ya ugonjwa wa moyo ilianza mwaka 1972. Watu wakahimizwa kupunguza siagi, na siagi ndiyo iliyokuwa riziki ya wafugaji wa hapo. Baadaye wafugaji walisaidiwa kulima matunda madogo yanayostawi kwenye baridi ile. Katika miongo iliyofuata, vifo vya moyo vya wanaume wa umri wa kufanya kazi vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Waliowaomba wengine kujinyima wakakumbuka kuuliza nani anaumia. Hilo nalo ni sehemu ya upendo.

Kanisani tunao utaratibu wa ushuhuda. Aliyepona husimama, tunampigia makofi, tunamshukuru Mungu. Kwa mshtuko wa moyo ambao haukutokea hatasimama mtu.

Sasa akina mama wa jikoni wameuliza kama wapunguze chumvi kwenye pilau ya sikukuu ya mavuno. Wapo wazee wanaosema chakula kitakuwa chapwa, na mmoja amekumbusha, kwa utani, kwamba Bwana mwenyewe alituita chumvi. Sisi tungewajibu akina mama wapunguze, na kikopo cha chumvi kikae meza moja tu, kule karibu na mlango. Anayeitaka ainuke akaifuate.