Mazoea katika Sala

Neno mazoea katika Kiswahili lina nyuso mbili. Kwa uso wa kwanza ni sifa: fundi aliyeizoea kazi yake huweza kuifanya hata taa ikizimika, na mkono wake haukosei. Kwa uso wa pili ni lawama: mzee amwambiapo kijana, "Umenizoea," hamsifu hata kidogo, bali humwonya kuwa heshima iliyokuwapo baina yao imechakaa kwa kutumika kila siku. Mkristo aamkaye alfajiri akapiga magoti kando ya kitanda chake, kama alivyofanya jana na juzi, na kama atakavyofanya kesho, yu kati ya nyuso hizi mbili. Je, ameizoea sala kama fundi alivyoizoea kazi, au amemzoea Mungu kama kijana alivyomzoea mzee? Swali hili haliwezi kujibiwa kwa kuhesabu siku alizopiga magoti.

Hoja za wale wanaoyashuku mazoea zina nguvu, na nyingi zimetoka katika Biblia yenyewe. Nabii Amosi, mchungaji wa Tekoa, aliwaambia watu wa Israeli kuwa Mungu amechukizwa na sikukuu zao na kelele za nyimbo zao, maadamu maskini walikuwa wakiuzwa kwa thamani ya jozi ya viatu. Sikukuu zile hazikuwa na kasoro ya kalenda. Zilifika kwa wakati wake, na sadaka zilitolewa. Yule Mfarisayo katika Injili ya Luka alifunga mara mbili kwa juma na kutoa zaka ya mapato yake yote. Lakini mtoza ushuru, ambaye hakutajiwa desturi njema hata moja, ndiye aliyerudi nyumbani amehesabiwa haki. Msomaji anayejivunia kuwa hajakosa sala ya asubuhi kwa mwaka mzima hana budi kujiuliza amesimama upande gani wa hekalu.

Katika Afrika Mashariki hoja hii ilipata sauti kubwa kwa Uamsho wa miaka ya 1930. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Gahini nchini Rwanda, walikutana Kampala, wakaisoma Biblia na kuomba pamoja. Baada ya miaka michache moto uliwaka Gahini, ukaenea Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya. Watu wa Uamsho waliyaona makanisa yamejaa waumini waliobatizwa, wanaokijua kitabu cha sala kwa ghibu, hali mioyo yao imelala. Dawa yao ilikuwa toba ya wazi: dhambi itajwe kwa jina lake mbele ya ndugu. Walichosema kilikuwa kweli, na kwa sababu kilikuwa kweli kiliwauma wengi.

Walakini jambo moja lafaa kutazamwa bila ya kejeli. Watu hao hao walijiwekea mikutano ya ushirika iliyorudi juma baada ya juma. Ushuhuda wao ukapata mpangilio wake. Na wimbo wa Tukutendereza ukaimbwa mkutano kwa mkutano, mpaka mgeni aliyeusikia kutoka barabarani akajua mara moja ni akina nani waliokusanyika. Waliyakimbia mazoea, wakayakuta yamewatangulia njiani. Hii si aibu kwao. Moto usio na mafiga haupiki chakula, na waliotaka moto wao uendelee kuwaka walilazimika kuyatafuta mafiga.

Kwa hakika saa ya alfajiri haijapata kuwa tupu. Asiyeijaza kwa sala huijaza kwa jambo jingine, na jambo hilo nalo likirudiwa huwa desturi. Mwanafunzi wa siku hizi huinyoshea mkono simu yake kabla hajayafumbua macho yote mawili. Hakuna aliyemwamuru, wala hakuna anayemwita mnafiki kwa kuwa huifanya ibada ile ndogo bila ya furaha. Ni ajabu kidogo kwamba shutuma ya kurudia bila ya moyo huelekezwa kwa sala peke yake. Kwa hiyo uamuzi alio nao mwanadamu si wa kuchagua kati ya mazoea na uhuru. Mazoea atakuwa nayo apende asipende.

Wakristo wa kwanza walilielewa hili. Waliikuta habari ya Danieli, aliyepiga magoti mara tatu kwa siku madirisha yake yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu, na ambaye hakupunguza hata mara moja baada ya amri ya mfalme kupigwa muhuri. Nayo Biblia yaongeza kuwa ndivyo alivyokuwa akifanya tangu hapo. Maneno hayo machache ni mazito. Ushujaa wa Danieli haukuzaliwa siku ile ya hatari, bali siku ile uliikuta njia yake imekwisha kukanyagwa. Luka naye asema kuwa Yesu aliingia katika sinagogi siku ya Sabato kama ilivyokuwa desturi yake. Kitabu cha Didache, ambacho ni miongoni mwa maandiko ya kale kabisa ya Kanisa nje ya Agano Jipya, chaagiza Sala ya Bwana isaliwe mara tatu kila siku. Katika karne ya 6 Benedikto wa Nursia aliigawa siku ya mtawa kwa saa za sala, akataka Zaburi zote 150 zipate kuimbwa kila juma. Na watawa wa mashirika yanayofuata kanuni yake wangali wakiimba kwa saa Peramiho, walikofika mwaka 1898, na Ndanda, walikofika mwaka 1906. Mtu huyo huyo aliyeamuru Zaburi 150 aliandika pia kuwa sala iwe fupi na safi. Wengi husahau amri hiyo ya pili, hasa wale wanaopewa nafasi ya kuomba mbele ya watu.

Kabla yao wote Aristotle alikuwa amefundisha kuwa mtu huwa mwenye haki kwa kutenda haki, kama vile mpiga kinubi awavyo mpiga kinubi kwa kupiga kinubi. Wanateolojia wengi wamekiazima kinubi hicho, na chafaa, lakini si mpaka mwisho. Mpiga kinubi akizidi kuwa hodari, nyimbo huzidi kuwa nzuri. Anayesali akizidi kuwa hodari wa kusali, yamkini ameanza kujisikiliza mwenyewe. Sala huelekezwa kwa mwingine, nayo mazungumzo na mwingine hayapimwi kwa ustadi wa msemaji. Basi hapana budi kutafuta mahali ambapo mazoea ya sala yamepimwa kwa kipimo kingine, na mahali pamoja kama hapo ni katika kinyozi cha Wittenberg, katika Ujerumani, mwaka 1535.

Mwenye kinyozi hicho aliitwa Petro Beskendorf, naye alikuwa rafiki wa Martin Luther. Alimwomba Luther amfundishe namna ya kusali, ombi la kawaida kabisa, na Luther, ambaye alikuwa profesa na mwandishi aliyesomwa katika nchi nyingi, hakuona kuwa swali la kinyozi ni dogo. Mwanzoni mwa mwaka 1535 alitoa kijitabu kwa ajili yake, akaliweka jina la Petro kinyozi katika kichwa cha kitabu. Humo hakuanza kwa kusifu sala, bali kwa kukiri udhaifu wake mwenyewe: kwamba yeye pia huona moyo umepoa na sala haina ladha kwa sababu ya shughuli nyingi. Afanye nini basi? Hungoja hisia zirudi? La. Huchukua kitabu chake cha Zaburi, akaenda chumbani au kanisani, akajisomea Amri Kumi, Imani na Zaburi kadhaa, neno kwa neno, kama watoto wafanyavyo, mpaka moyo upate joto. Ashauri sala iwe kazi ya kwanza asubuhi na ya mwisho usiku, na mtu ajihadhari na fikira zinazomwambia asubiri kidogo, amalize kwanza jambo hili au lile; kwa maana jambo hilo huzaa jingine, na siku hupita.

Kisha Luther amwonyesha rafiki yake mfano kutoka katika kazi yake mwenyewe. Kinyozi mwema huweka macho na mawazo yake juu ya wembe na nywele, akajua daima amefika wapi. Akipiga soga huku akinyoa, au akiliacha wazo lake litangetange, aweza kumkata mtu mdomo, au pua, au hata koo. Hapa kinubi cha Aristotle kimebadilishwa kwa wembe, na badiliko hilo si dogo. Mazoea ya kinyozi hayampi ruhusa ya kutotazama. Mkono uliozoea ndio unaohitaji macho zaidi, kwa sababu ndio unaoweza kwenda peke yake. Luther afundisha pia kuwa maneno aliyoyaandika si ya kurudiwa hivi hivi, na kwamba likija wazo jema katikati ya sala, mtu aliache lile lililoandikwa akalisikilize hilo. Yaani desturi yake imejengwa ikiwa na mlango wa kutokea.

Mtu angependa habari iishie hapo. Lakini siku ya mkesha wa Pasaka ya mwaka huo huo, 1535, Petro alikuwa mezani kwa mkwe wake Dietrich, mume wa binti yake. Mkwe alikuwa askari, naye alijigamba kuwa anao uganga wa kuuzuia mwili wake usipenywe na silaha. Petro akamchoma, na Dietrich akafa.

Habari hii haistahili kupitwa kwa haraka. Kinyozi aliyefundishwa sala na mwalimu mkubwa kuliko wote katika mji wake, aliyeandikiwa kitabu kwa jina lake, aliyeonywa juu ya mkono unaokwenda bila ya macho, aliua kwa mkono wake kabla mwaka haujafika nusu. Mwenye kuyashuku mazoea atasema kuwa hapa ndipo yanapoonekana ubatili wake. Mwenye kuyatetea atasema kuwa Petro hakusali ipasavyo, maana angalisali asingaliua. Majibu yote mawili ni mepesi. La pili ndilo baya zaidi, kwa sababu laifanya sala kuwa kama uganga wa Dietrich: kinga inayoaminiwa kuwa ngozi haitapenywa. Askari aliamini dawa yake ingemkinga na silaha. Mkristo anayedhani kuwa sala yake ya kila siku itamkinga asianguke ameamini jambo la jinsi hiyo hiyo, ingawa lake limevaa kanzu.

Luther hakuiandika sala kwa imani hiyo. Katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, ambayo vijana wa makanisa ya Kilutheri katika Tanzania hufundishwa hata leo kabla ya Kipaimara, aliweka sala fupi mbili, ya asubuhi na ya jioni. Katika ile ya asubuhi Mkristo huomba alindwe na dhambi. Katika ile ya jioni huomba asamehewe alipokosa siku hiyo. Sala ya jioni iliandikwa kabla ya kosa. Ilipigwa chapa, ikafungwa katika kitabu, hali siku yenyewe bado haijapambazuka. Aliyeitunga alijua kuwa jua halitakuchwa bila ya kuwapo jambo la kuungama, na hakuiona sala ya asubuhi kuwa imeshindwa kwa sababu hiyo. Desturi ya jinsi hii haimwahidi mtu kuwa hataanguka. Yamwahidi kwamba ikifika saa fulani, katika hali yoyote ile, patakuwapo mahali pa kurudi na maneno ya kuanzia, hata kama koo lake limekauka kwa aibu na moyo wake hautaki. Mwenye hisia nzuri hahitaji sana mahali hapo. Aliyeua anapahitaji.

Haidhuru mtu akisema kuwa faida hiyo ni ndogo mbele ya maiti ya Dietrich. Ni kweli. Sala ya Petro, iwe ya mazoea au ya machozi, haikuweza kumrudishia binti mume wake, na mwanamke huyo alibaki mjane kwa mkono wa baba yake. Falsafa yoyote ya sala inayomsahau yeye imekwenda kombo.

Luther na wengine walimwombea Petro mbele ya wakuu, na hukumu ya kifo haikupita. Alihamishwa, akapoteza alichokuwa nacho Wittenberg, akaenda Dessau. Kijitabu kilibaki na jina lake, na matoleo ya leo yangali nalo. Namna ya kusali iliyofundishwa humo ni kuzishika Amri Kumi moja moja, na kila amri kuisuka kwa nyuzi nne: kwanza fundisho, kisha shukrani, kisha maungamo, kisha ombi. Kwa hesabu ya Walutheri, ambayo ni ile ile ya Wakatoliki, amri ya 5 ni ile ya kutoua. Kabla ya Pasaka ile huenda Petro aliipita upesi, kama waipitavyo karibu watu wote, kwa kuwa uzi wa tatu hapo haukuwa na la kusema. Ikiwa aliishika desturi yake huko Dessau, alifika kwenye amri hiyo tena, asubuhi na jioni, baada ya ya 4 na kabla ya ya 6, akiwa na nyuzi zile zile nne mkononi.