Kufika Salama Si Ushahidi

Je, uamuzi wa mtu upimwe kwa matokeo yake, au kwa yale aliyoyajua wakati wa kuamua? Swali hili ni la kale, lakini nimelikuta upya katika habari za Starliner, chombo cha anga kilichoundwa na kampuni ya Boeing kwa mkataba wa kibiashara na NASA, shirika la anga la Marekani.

Chombo hicho kilirushwa kikiwa na watu kwa mara ya kwanza tarehe 5 Juni 2024. Wanaanga wawili, Butch Wilmore na Suni Williams, walitarajiwa kukaa angani siku nane hivi. Walipokikaribia Kituo cha Kimataifa cha Anga, gesi ya heliamu ilikuwa inavuja na injini ndogo tano za kukiongoza chombo zikazimika. Wataalamu walijaribu injini ya aina hiyo ardhini, wakakuta kipande cha tefloni kimevimba kwa joto. Boeing waliamini chombo kingewarudisha watu salama. NASA hawakuridhika, tarehe 24 Agosti wakaamua kirudi kitupu.

Tarehe 7 Septemba kilitua New Mexico salama salimini. Wilmore na Williams walirudi Machi 2025, kwa chombo cha kampuni ya SpaceX, baada ya siku 286.

Hapa ndipo penye mtego. Mtu anaweza kusema: "Mnaona? Wangepanda tu!" Hoja hii naifahamu vizuri. Kwetu Mutaho, dereva mwenye breki zilizolika huteremka milima hadi Gitega, na abiria akilalamika huambiwa: "Si tumefika?" Kesho yake gari hupakia tena. Siku breki zikikataa, husemwa kwamba ajali haina kinga.

Naona kwamba "tumefika" haithibitishi kuwa breki ni nzima. Inathibitisha tu kwamba leo hazikukatika. Tena kila safari inayofika hutuzoeza ubovu. Ndivyo ilivyokuwa kwa chombo cha Challenger. Mipira ya kuzibia maungio ya roketi zake ilikwisha kuonekana imeungua katika safari za awali, lakini kwa kuwa zote zilirudi, ubovu ukazoeleka. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1986, wahandisi walionya kwamba baridi ni kali mno. Wakubwa wao wakawapuuza. Sekunde 73 baada ya kuruka, watu saba waliangamia.

Atakayenipinga atasema kwamba nimempa mwoga pa kujifichia, maana kila anayekataa anaweza kudai ameokoa maisha. Pingamizi hili ni zito, kwa sababu kukataa nako kuna gharama. Wilmore na Williams walikaa mbali na jamaa zao zaidi ya miezi tisa, na wanaanga wengine wawili waliondolewa katika safari yao ili kuwaachia nafasi ya kurudi. Kwa hiyo sisemi kila "hapana" ni busara. Nasema "hapana" ionyeshe sababu zake, kama ile iliyoanzia kwenye majaribio ya ardhini. Mwoga hukataa bila kuchunguza, na mzembe hukubali bila kuchunguza. Wote wawili wana kosa moja.

Tatizo ni kwamba asemaye "hapana" kwa haki hapati ushahidi kamwe. Maafa aliyoyazuia hayaonekani. Kinachoonekana ni hasara na kuchelewa. Kwa sababu hiyo wenye fedha na haraka humshinda kwa urahisi, hasa pale anayeamua safari siye atakayekaa kwenye kiti. Wahenga walituambia: kawia ufike. Mimi naongeza kwamba aliyetukawiza kwa sababu ya kweli tumshukuru, hata kama gari tupu limefika bila sisi.