Jina la Fundi wa Magari



Sisi tuliofundisha shule tumeita majina mengi asubuhi, na mara chache tuliuliza maana yake.

Wainwright ni jina la ukoo la Waingereza. Hapo kale lilikuwa jina la kazi, yaani fundi wa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Kisha likarithiwa hata na wasioijua randa. Kijana mmoja Myao, aliyeokolewa utumwani na kulelewa na wamisionari huko Nasik, Bara Hindi, aliitwa Jacob Wainwright. Wazee wake hawakuunda magari!

Livingstone alipofariki kwa Chitambo mwaka 1873, Jacob ndiye aliyesoma ibada ya maziko pale moyo ulipozikwa. Mwili yeye, Susi, Chuma na wenzao waliuchukua mabegani miezi mingi hadi Bagamoyo. Tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza Westminster Abbey. Alifariki Urambo mwaka 1892.

Jina alilopewa kwao Uyao halikutajwa siku ile. Hapo twasita. Yakobo wa Mwanzo 32 aliulizwa jina lake kabla ya kubarikiwa. Huyu wetu, twaogopa, alipewa tu.

Nasi hapa Magomeni twaleta watoto kubatizwa, twaandikisha jina la kigeni, lile la bibi twaliacha nyumbani. Tulifanya hivyo kwa watoto wetu wenyewe. Ubatizo ujao, wazazi, njoni na majina yote mawili, tumwombe karani ayaandike.