Zamu Isiyokwisha

Baba yangu alikuwa mwanamaji, na tangu utotoni nimewaona watu wakishangaa wanapolisikia jambo hilo. Huku kwetu Usambara maji makubwa tunayoyajua ni maporomoko ya Soni. Kijana wa milima hii aliweza kuota kwenda Tanga mjini, au kushuka kwenye mashamba ya mkonge, lakini si kuishi juu ya bahari. Yeye alijiunga na Jeshi la Wananchi wa Tanzania mwaka 1967, miaka mitatu baada ya jeshi hilo kuundwa. Kambi ya wanamaji ilipoanzishwa Kigamboni kwa msaada wa China, mwanzoni mwa miaka ya 1970, akachaguliwa kujifunza mitambo. Akakaa katika vyumba vya injini vya boti za doria hadi mwaka 1984. Alirudi nyumbani na cheo cha sajini, kiinua mgongo, sikio moja lililopungua kusikia, na imani kwamba hakuna tatizo la binadamu lisilotibika kwa kupangiwa zamu.

Kwa kiinua mgongo hicho, pamoja na ng'ombe wawili wa babu waliouzwa, alinunua injini ya dizeli na kinu cha kusagia, akavifunga kando ya barabara ya kutoka Soni kwenda Bumbuli. Mtu asiyeikumbuka miaka ile hawezi kujua maana ya jambo hilo. Dizeli ilikuwa ya kutafuta, vipuri vilikuwa vya kuomba, na kina mama walikuwa wakitembea na debe la mahindi kichwani, wakishuka bonde na kupanda lingine, kabla ya kuufikia unga. Mashine ya Baba ilifupisha safari hizo. Ndiyo iliyotulisha, ikatuvisha, ikanisomesha mimi mpaka chuo. Silisemi hili kwa adabu tu. Lisipowekwa mbele, yote yanayofuata yataonekana kama shukrani ya punda.

Katika banda la mashine kulikuwa na daftari. Alilianzisha siku ya kwanza, kwa mtindo wa chumba cha injini: tarehe, saa ya kuwasha, saa ya kuzima, dizeli iliyoingia, oili iliyobadilishwa, mkanda uliokatika, na jina la aliye zamu. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa injini kabla ya kuandika. Kaka yangu alipomaliza darasa la saba, mwaka 1986, jina lake likaingia katika daftari hilo, na halikutoka kwa miaka 15.

Alikuwa akiamka kabla ya adhana. Alijua kwa sauti tu kwamba nyundo za kinu zimelika au chujio limetoboka. Mikono yake ilikuwa na weusi wa oili usiotoka hata siku ya harusi yake. Mshahara hakuwa nao. Akihitaji shati, alimwambia Mama, Mama akamwambia Baba, na shati likaja. Hatukuona ajabu. Nyumba nyingi za biashara ninazozijua, kuanzia maduka ya Lushoto mjini hadi malori ya kabichi na karoti yanayoteremka kwenda Dar es Salaam, zimejengwa juu ya kijana mmoja wa namna hiyo.

Mwaka 2001 akasema anataka kwenda kujitegemea. Alikuwa na mke na watoto watatu. Aliomba apewe kitu cha kuanzia, ama sehemu ya mashine, ama fedha, ama ile injini ya zamani ambayo tayari tulikuwa tumepata mbadala wake. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatamka neno moja la kijeshi: kutoroka. Ikaitwa kamati ya wazee wa ukoo, na mimi, kwa kuwa nilikuwa msomi, nikaombwa niseme.

Nilisimama upande wa Baba. Tena sikusimama kwa woga, nilisimama kwa ufasaha. Niliwakumbusha Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Vugha, aliyewaweka wanawe kuwa machifu sehemu mbalimbali za Usambara, na jinsi alipofariki mwaka 1862 ufalme ulivyopasuka. Mwanawe Semboja, aliyekaa Mazinde kule chini kwenye njia ya misafara, akapata bunduki kwa biashara, akampiga vita mjukuu wa mfalme, Shekulwavu, aliyerithi kiti, mpaka akamtoa Vugha. Nikasema: mali ya baba ikikatwa vipande, kila mwenye kipande hugeuka Semboja. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kaka yangu hakujibu. Wiki iliyofuata aliteremka Mombo na mke wake, watoto, na boksi la spana ambalo Mama alimfichia ndani ya gunia la viazi.

Nimelifikiria swali lile kwa zaidi ya miaka 20 sasa. Je, mtoto anayefanya kazi katika biashara ya baba yake anamdai baba, au analipa deni la kuzaliwa na kulelewa?

Hoja ya Baba si nyepesi, na sipendi kuidharau. Alisema, "Mimi nilipotoka Kigamboni sikukatiwa kipande cha boti." Ni kweli. Chombo hakigawanywi kwa mabaharia. Kikigawanywa kinazama, na walio ndani wanazama nacho. Mashine ilikuwa na watu wengine wa kulisha, nami nikiwa mmojawao. Alisema pia kwamba alimlipia kaka mahari na kumpa shamba la kahawa na migomba. Hilo nalo ni kweli. Lakini mahari yangu alinilipia vilevile, na shamba alinipa vilevile, mimi ambaye sikuwahi kubadilisha oili ya injini ile hata mara moja bila kusimamiwa. Kitu anachopewa aliyefanya kazi na asiyefanya kazi kwa kipimo kimoja kinaweza kuitwa zawadi ya mzazi, na ni zawadi njema. Malipo ya kazi hakiwezi kuwa.

Halafu kuna lile jambo la jeshi lenyewe, ambalo lilinichukua muda mrefu kuliona kwa sababu lilikuwa wazi mno. Baba alitoka Kigamboni na amri, zamu, daftari na adhabu. Mambo hayo aliyaleta yote mlimani. Lakini kule alikotoka, anayepokea amri alikuwa pia na mshahara wa mwezi, likizo, nafasi ya kupanda cheo, na tarehe ya kuondoka. Siku ya kuondoka alipewa cheti kinachosema kwamba mtu huyu ametumikia miaka kadhaa na ameachiwa kwa heshima. Nusu hii ya pili haikupanda mlima. Kwa hiyo kaka yangu alikuwa chini ya nidhamu ya boti bila haki za boti, na aliposema amechoka akaitwa mtoro wa utumishi ambao haukuwa na siku ya kumalizika.

Sheria zetu zimeligusa jambo linalofanana na hili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka msingi wa kugawana mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja za mume na mke, na katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ya mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali hiyo. Kwa miaka mingi kabla ya hapo zilikuwa zikihesabiwa kuwa wajibu tu, kitu ambacho mke anafanya kwa kuwa ni mke. Nikiyasikia maneno hayo namwona kaka. Naye kazi yake tuliihesabu kuwa kitu ambacho mtoto anafanya kwa kuwa ni mtoto. (Mama yangu, ambaye alipepeta mahindi ya wateja na kufagia pumba miaka yote hiyo, hata katika daftari jina lake halimo. Hilo ni suala jingine, na ni kubwa zaidi.)

Hata Semboja wangu hakunisaidia. Nimesimama Irente mara nyingi, mahali ambapo Mazinde inaonekana chini kabisa kama mkeka uliotandikwa, nikajiuliza niliujuaje ubaya wake bila kuuliza alikuwa katika hali gani. Simtetei, vita vile viliwafikisha watu wa milima hii utumwani. Lakini Wakilindi walikuwa na desturi kwamba mfalme mpya huwaweka wanawe mwenyewe katika maeneo yaliyokuwa ya ndugu za baba yake. Mtu aliyetawala kwa miaka mingi kwa niaba ya baba alijua kwamba kifo cha baba kitamwacha mikono mitupu. Nililitumia jina lake kumnyamazisha mtu ambaye hakuwa na bunduki wala jeshi, aliyekuja mbele ya wazee kuomba injini kuukuu.

Mwaka jana Baba, ambaye sasa amevuka miaka 75, aliniita nimwandikie wosia. Ili nijue kuna nini, nilifungua sanduku la madaftari. Yako 11. Nilikaa nayo siku mbili. Jina la kaka liko karibu kila ukurasa kuanzia 1986, kwa mwandiko wa mtoto wa darasa la saba mwanzoni, kisha wa mtu mzima. Iko hata tarehe ya siku aliyozaliwa mtoto wake wa kwanza: imewashwa saa 12 asubuhi, imezimwa saa 11 jioni, mkanda umebadilishwa.

Nilimpelekea Baba daftari moja, nikamsomea kurasa chache kwa sauti kubwa upande wa sikio lake zima. Sikumwambia agawanye mashine. Siku hizi inaendeshwa kwa umeme na mdogo wetu, na faida yake ni ndogo. Nilimwambia kwamba kuna askari mmoja hakupewa cheti chake wala kiinua mgongo, na kwamba vyote viwili bado vinaweza kuandikwa katika wosia, kwa jina lake.

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Cheti tukiandike tarehe gani, mwanangu?"

Niliielewa shida yake. Tukiandika ya leo, kaka anabaki mtoro kwa miaka yote ya katikati. Tukiandika ya 2001, basi hakutoroka, na waliokaa kikao kile ndio wa kujieleza, Baba, wazee ambao wengi wao wamekwisha kufariki, na mimi. Nilimwambia ni 2001. Akasema niache nafasi wazi kwanza.

Karatasi iko ndani ya daftari la mwisho. Kaka ana gereji yake ndogo huko Mombo, na Mama amemtumia ujumbe apande Jumamosi.