Gari Halina Jini, Fundi

Fundi kijana, najua gari unalolikimbia. Gari lililokufa gia boksi hulikimbii, hilo unalipigia hesabu hapo hapo. Unalolikimbia ni ile Noah ya mama muuza vitenge: inazima ikitaka, inawaka ikitaka, na ikiingia gerejini kwako haina tatizo lolote. Wenzako wameshaishindwa. Imebadilishwa plagi, koili, pampu ya mafuta, mpaka kontroli boksi iliyong'olewa kwenye gari la ajali. Sasa ndugu wa mwenye gari wameanza kunong'ona kuwa lina jini.

Ipokee. Wewe, wala usisubiri mkubwa wako wa gereji aipokee. Kubadilisha vipuri kila mtu anaweza. Gari la namna hii ndilo linalomtengeneza fundi umeme.

Shika hili moja: tatizo la kuja na kuondoka lina masharti yake. Linakuja joto likipanda, au bodi ikitikisika, au unyevu ukiingia kwenye soketi, au mzigo wa umeme ukiongezeka. Ukilijua sharti lake, unalitimiza mwenyewe, kwa saa unayoitaka, multimita ikiwa mkononi. Usingoje likutembelee. Liite.

Na kuliita kunaanza na mdomo.

"Mama, likizima huwa uko wapi?"

"Foleni ya Kariakoo, mwanangu. Jua la saa nane."

"Na asubuhi ukitoka nyumbani?"

"Asubuhi halina neno."

"Likishazima, linakaa muda gani ndio liwake?"

"Mpaka lipoe. Nusu saa hivi."

Hujafungua boneti, na joto limeshajitaja lenyewe. Gari linalozima likipata moto na kuwaka likipoa, mshukiwa wa kwanza ni sensa ya krenki. Nyingi zina koili ya waya mwembamba sana ndani. Joto likiutanua waya wenye ufa, mawasiliano yanakatika, ukipoa unagusana tena. Ila mshukiwa hafungwi bila ushahidi. Gari likigoma kuwaka, chomeka mashine ya kupimia gari, mwambie msaidizi apige stata, nawe usome mizunguko ya injini. Stata inazungusha injini vizuri lakini mashine inaandika sifuri? Kontroli boksi haipati habari za krenki. Gari likishapoa, liwashe liungurume, kisha puliza sensa kwa draya ya nywele, sensa peke yake, usiguse soketi. Likizima, rudia. Likizima tena, piga kelele gereji nzima ikusikie, una haki. Lisipozima, hamia kwenye soketi na waya wake.

Koodi utakazozikuta kwenye mashine usizifute kwanza! Inaniudhi kumwona fundi anafuta "ili tuone kama zitarudi". Kontroli boksi ilipoweka koodi, mara nyingi ilihifadhi pia hali ya gari wakati ule: mwendo, joto la injini, mizunguko. Ukifuta, umemfukuza shahidi pekee aliyekuwepo. Piga picha kwa simu, kisha ndio uendelee.

Siku nyingine utaletewa gari ambalo dashibodi yote imewaka taa kwa mpigo, breki, usukani, mifuko ya hewa, halafu zikazimika zenyewe kwenye tuta. Usidhani vyote vimekufa pamoja. Boksi za gari la kisasa zinaongea kupitia nyaya mbili zilizosokotwa, mfumo unaoitwa CAN, ambao Bosch iliutambulisha mwaka 1986. Chomoa betri, nenda kwenye tundu la mashine lenye pini 16, pima kati ya pini ya 6 na ya 14. Kwa kawaida utapata karibu omu 60, kwa sababu kila mwisho wa nyaya hizo una kizuizi cha omu 120. Ukisoma 120, upande mmoja umepotea. Ukisoma karibu na sifuri, nyaya zimegusana. Acha multimita hapo, tikisa fungu la nyaya kipande kwa kipande: maungio ya mlango, mfuniko wa buti, nyuma ya injini, na hasa pale king'ora kilipofungwa kando ya barabara, waya zikasokotwa kwa vidole na kuvishwa tepu. Namba ikiruka, mkono wako uko juu ya tatizo.

Lakini kipimo cha omu kina uongo wake, na uongo huo umewapotezea wengi wiki nzima. Waya uliokatika nyuzi karibu zote ukabaki uzi mmoja, multimita itausoma kama mzima, kwa sababu inapitisha umeme kidogo mno. Upe kazi. Uchomoe ncha zote mbili ili boksi na sensa zisiguswe, uulishe kwa betri kupitia fyuzi, na mwisho wake ufunge balbu ya wati 21. Hiyo inavuta karibu ampea mbili. Ikiwaka hafifu, au ikipepesa ukiukunja waya, umempata mshukiwa. Nyaya za njano za mifuko ya hewa usizijaribu kwa balbu kamwe.

Ethi nayo usiipime kwa omu. Ncha moja ya multimita kwenye hasi ya betri, ya pili kwenye mwili wa injini, stata ipigwe. Ikizidi nusu volti, ethi hiyo inakula umeme. Fungua nati, kwangua kutu mpaka chuma king'ae, funga. Walioko Tanga, Mombasa na Unguja, ambako hewa ina chumvi, waanzie hapa kabla ya pengine popote.

Sasa la pesa, maana hamasa bila pesa inachosha. Mafundi wengi hawatozi kutafuta, wanatoza kufunga. Kwa hiyo njaa inawasukuma wafunge kitu, chochote, na mteja analipia kubahatisha kwao. Wewe taja bei ya upimaji kabla ya kugusa spana: "Mama, kulitafuta ni kiasi hiki. Kulitengeneza tutaongea nikishaliona kwa macho, na wewe nitakuita ulione." Atashtuka. Atakuambia fundi wa pili anapima bure. Nyamaza, mpe nafasi ahesabu vile vipuri vyote vilivyofungwa bure. Akikubali, andika kwenye daftari kilomita zilizoko kwenye dashibodi, tarehe na kila alichokueleza kwa maneno yake, kisha mwombe ufunguo.