Familia Iliyo Kati ya Safari Mbili



Mwezi uliopita familia moja ya wamisionari ilikuja kanisani kwetu kutuaga. Hatutawataja majina, maana hawakutuomba tuwaandike. Ni baba, mama na watoto watatu. Walikaa mkoa huu miaka tisa, na sasa muda wao umekwisha. Wanarudi kwao kwa mwaka mmoja, kuzunguka katika makanisa yanayowachangia na kueleza kazi waliyoifanya, kisha watatumwa nchi nyingine ambayo siku ile walikuwa bado hawajaambiwa. Mama alisimama kusema neno la kuaga akashindwa, akalia mbele ya watu wote. Binti yao wa kati, mtoto wa miaka minane au tisa hivi, alimshika sketi akiangalia chini.

Jumatatu yake, bombani, maneno yalikuwa mengi. Mmoja wa mama zetu, tena mtu wa sala, alisema hivi: “Analia nini yule? Ana pasipoti, ana tiketi, ana nyumba anayokwenda. Sisi tuliondoka usiku na sufuria moja, nani alitulilia?” Watu wakacheka. Sisi tunaoandika haya tulikuwapo na ndoo zetu, tukacheka pia.

Kisha likaja jambo la kikapu. Umoja wa wamama ulitaka kuwafungia zawadi ya safari: kikapu cha kusuka, karanga kilo mbili, na kitenge. Kamati ya wazee ikagawanyika. Mzee mmoja aliuliza kama ni haki, wakati mgao umepunguzwa mara kadhaa na watoto wanalala na uji, tumfungie karanga mtu anayepanda ndege. Haikuwa hoja ya kipumbavu. Kikao kilichukua muda wa saa mbili, na tulipotoka nje tuliona kwamba tulichokuwa tukijadiliana hakikuwa karanga. Swali lilikuwa hili: Je, mtu aliyechagua kuhama anaweza kuwa na huzuni inayostahili machozi ya mtu aliyefukuzwa?

Ndugu msomaji, tusidanganyane kwa maneno matamu ya kanisani. Tofauti ipo na ni kubwa. Misionari anaitwa, anaomba, anajadiliana na mkewe, anajaza fomu, anakubali. Sisi wengi wetu hatukuulizwa. Tulisikia risasi upande wa mlimani, tukashika watoto, tukateremka ziwani, na aliyekuwa na nauli ya mashua ndiye aliyevuka kwanza. Misionari akichoka ana mahali pa kurudi. Sisi tukichoka tunachokea hapa hapa. Mtu akisema kwamba sote ni wasafiri tu duniani, ni kweli mbele za Mungu, lakini ofisi ya mpakani haiombi kitambulisho cha mbinguni.

Lakini kuna mtu mmoja katika familia ile ambaye naye hakuulizwa. Ni yule binti. Hakujaza fomu yoyote. Alizaliwa katika mkoa huu, anaongea Kiswahili kama watoto wetu (na matusi madogo madogo anayajua, walimu wa shule ya Jumapili ni mashahidi), na nchi inayoitwa kwao ameiona mara moja tu akiwa mchanga. Kwake yeye safari hii si kurudi, ni kuondoka. Tulipofika hapo katika mawazo yetu ndipo tulipoanza kuona aibu kwa kile kicheko cha bombani.

Wengi wetu tulishukia Kigoma, na wengine wamefika Ujiji wakaona ule mnara wa David Livingstone, pale alipokutana na Stanley mwaka 1871. Livingstone tunamjua tangu shuleni. Mkewe hatumjui. Aliitwa Mary Moffat, alizaliwa mwaka 1821 kusini mwa Afrika, mtoto wa wamisionari, akakulia Kuruman akiongea Kitswana. Waliooana mwaka 1845 walikuwa watu wawili wenye wito, hilo hatulipingi. Lakini mwaka 1850 alivuka jangwa la Kalahari na watoto wadogo, tena mjamzito, na mtoto aliyezaliwa baada ya safari ile alikufa akiwa na majuma machache tu. Mwaka uliofuata akavuka tena, tena mjamzito, na safari hiyo alijifungua njiani kando ya mto. Mama yake mzazi alimwandikia mkwewe barua kali kumzuia asimpeleke. Mkwe akaenda naye.

Mwezi Aprili 1852 Livingstone alimpandisha melini Cape Town na watoto wanne, waende Uingereza, ili yeye apate kuingia bara. Hapo ndipo panapotugusa sisi. Mary alipelekwa “nyumbani” kwenye nchi aliyokuwa amekaa miaka michache tu maishani mwake. Alikaa kwanza na wakwe zake Uskoti, wakakosana. Akaanza kuhama na watoto kutoka nyumba ya kupanga hadi nyumba ya kupanga, akitegemea fedha kidogo za chama kilichomtuma mumewe, akiandika barua kuomba. Alidhani ni miaka miwili. Ikawa minne na zaidi, hadi Desemba 1856. Walioandika maisha yake wanasema imani yake iliyumba na kwamba alianza kutafuta faraja katika pombe. Katika miaka hiyo hiyo mume wake alikuwa akipata sifa ya mtu wa kwanza kutoka Ulaya anayejulikana kuvuka Afrika kutoka bahari hadi bahari, na watu wa makanisa wakimshukuru Mungu kwa ajili yake.

Mwaka 1858 walisafiri tena pamoja, naye akaachwa njiani kwa sababu ya mimba. Akajifungua Kuruman kwa wazazi wake, akarudi Uskoti kwa watoto waliobaki, kisha mwaka 1862 akamfuata mumewe mto Zambezi. Alikaa naye miezi mitatu hivi tu. Tarehe 27 Aprili 1862 alikufa kwa malaria huko Shupanga, akazikwa chini ya mbuyu, akiwa na umri wa miaka 41. Mtoto wao mkubwa, Robert, alijaribu kumfuata baba yake Afrika akashindwa kumfikia. Akaenda Marekani, akajiandikisha jeshini kwa jina lisilo lake katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, na mwaka 1864 akafa katika gereza la wafungwa wa vita akiwa na miaka 18. Livingstone mwenyewe, siku za baadaye, alikiri kwamba alikuwa na jambo la kujutia: hakutenga muda wa kucheza na watoto wake.

Wengine watasema, lakini angalieni matunda. Injili ilifika, biashara ya utumwa ilifichuliwa. Sisi tunayakubali matunda. Baadhi yetu tunatoka katika vijiji ambavyo wamisionari walifungua shule ya kwanza na zahanati ya kwanza. Tunachouliza ni kama hesabu ile iliandikwa kwa jina la mtu aliyeilipa. Mungu alimwita David. Je, alimwita Robert? Mtoto anaweza kutolewa sadaka na baba yake bila kuulizwa, na kanisa likaimba haleluya? Ibrahimu alifika hadi mlimani na kisu mkononi, na tunakumbuka kwamba Mungu alimzuia.

Hata Musa lilimkuta. Tunasoma katika Kutoka 18 kwamba alikuwa amemrudisha mkewe Sipora na wana wao wawili kwa Yethro, na yule wa kwanza alikuwa amepewa jina la ugeni tangu kuzaliwa. Yethro ndiye aliyewaleta jangwani kwa Musa. Yaani mkwe, kuhani wa Midiani, ndiye aliyeona kwamba kiongozi wa watu wa Mungu hana familia pembeni yake. Maandiko hayaelezi Sipora alisema nini. Tungependa kujua.

Tusije tukamwonea Livingstone peke yake. Eric Liddell, mkimbiaji wa Uskoti aliyeshinda medali ya dhahabu ya mita 400 huko Paris mwaka 1924, yule aliyekataa kukimbia Jumapili, alizaliwa China kwa wazazi wamisionari. Akiwa mtoto wa miaka sita aliachwa na kaka yake katika shule ya bweni London, wazazi wakarudi kazini. Alipokua akawa misionari huko huko China, na mwaka 1941, vita vilipokaribia, akawapeleka mkewe mjamzito na binti zake wawili Kanada, yeye akabaki. Wajapani wakamweka katika kambi ya Weihsien. Watu waliokuwa naye walisema alikuwa mwalimu na rafiki wa watoto kambini mle, waliotengwa na wazazi wao, akiwapangia michezo. Alikufa humo Februari 1945, na binti yake wa tatu hakumwona kamwe. Habari hii tumeijadili sana kati yetu na hatukukubaliana. Mmoja wetu anaona hapo upendo mkubwa. Mwingine anasema watoto wa wenzake walipata baba na wake hawakupata. Tumeiacha hivyo.

Sasa turudi nyumbani kwetu, maana kidole kimoja kikinyooshwa, vingine vinatuelekea.

Sisi nasi tuna familia zilizo kati ya safari mbili. Mnazijua. Kesi ikifunguliwa tu ya kwenda ng'ambo, baba anaacha kuezeka upya, turubai linavuja, anasema mwaka huu hatutakuwepo. Mama halimi tena bustani. Usaili wa kwanza ukipita, binti anatolewa shuleni kwa sababu atasoma kule. Vipimo vya afya vikikamilika, mbuzi wanauzwa na godoro pia. Mwezi Januari 2025 safari za wakimbizi kwenda Marekani ziliposimamishwa, tuliona watu wazima wamekaa katika nyumba tupu, wakilala chini, karibu na sanduku lililofungwa. Hatuwacheki. Waliahidiwa wakaamini. Lakini yule binti aliyetolewa shuleni alipoteza mwaka, na hakuna aliyemwomba radhi, kwa kuwa kila mtu alisema tulifanya haya kwa ajili yenu watoto.

Ndivyo hasa alivyoweza kusema Livingstone.

Tumeona katika Maandiko nyumba moja iliyoishi kwa namna nyingine, nayo ilikuwa ya wakimbizi. Akila na Prisila walifukuzwa Rumi kwa amri ya Kaisari Klaudio, pamoja na Wayahudi wengine (Matendo 18). Wakafika Korintho, na hawakukaa kungoja amri ibatilishwe. Walishona mahema, kazi waliyoijua, na Paulo akashona pamoja nao. Kisha wakahamia Efeso, na nyumbani kwao kukawa na kanisa. Baadaye Paulo anawasalimu wakiwa Rumi tena, na huko pia kanisa linakutana nyumbani mwao. Huwezi kusema ni lini walikuwa wakimbizi na ni lini wakawa wamisionari. Hata kanisa la Antiokia, lililowatuma Barnaba na Paulo, lilianzishwa na watu waliotawanyika kwa mateso ya siku za Stefano. Kwa hiyo anayesema misionari ni mtu wa pasipoti na mkimbizi ni mtu wa kupokea tu, hajasoma Matendo 11.

Hatujui kama Akila na Prisila walikuwa na watoto. Pengine hawakuwa nao, na ndiyo maana ilikuwa rahisi. Tunalisema kwa sababu mama mmoja alituuliza hilo na hatukuwa na jibu.

Basi katika kikao cha pili tulimwita yule mama wa bombani, aje aseme mwenyewe. Alikuja na alirudia maneno yake bila woga. Kisha akasema jambo ambalo hatukulitegemea: kwamba aliposimama yule mama wa kizungu akashindwa kusema, yeye alikumbuka siku aliyoacha kaburi la mama yake kule Fizi bila kuaga, akakasirika kwamba mwingine amepewa nafasi ya kuaga. “Nilimwonea wivu wa machozi,” alisema. Akaongeza kwamba kitenge atatoa yeye.

Kwa hiyo kikapu kilifungwa. Karanga zilikuwa kilo moja na nusu, si mbili. Yule mzee aliyepinga hakubadili msimamo, lakini alichangia mia tano, akasema ni ya watoto na si ya baba yao, na katibu akaandika hivyo hivyo. Tulimwambia pia yule baba, kwa upole, ndugu kwa ndugu, kwamba huko waendako awaulize watoto wake kabla ya kujibu barua ya uhamisho. Alikaa kimya kidogo, akasema hakuwa amefikiri hivyo.

Jumapili ya mwisho binti yao alikuja darasani mara moja tena. Aliwauliza wenzake: “Kule shuleni wakiniuliza natoka wapi, niseme wapi?” Mwalimu alikuwa akitafuta cha kusema, mtoto mmoja wa kwetu, aliyezaliwa hapa kambini, akamtangulia: “Mimi nikiulizwa nasema Fizi. Lakini sijafika.” Wakacheka wote wawili, wakatoka nje kuruka kamba hadi kengele ya ibada ilipolia.