Mpigaji na Santuri Yake

Dhana ya uhalisi, yaani hali ya kitu kuwa chenyewe bila kughushiwa wala kuigwa, ndiyo inayotajwa kwanza kila inapoulizwa kwa nini mtu aziache santuri zake nyumbani, alipe kiingilio na kushinda Jumamosi na Jumapili akisikiliza muziki wa jadi na bluzi ukipigwa mbele ya macho yake. Bluzi ni muziki wa Wamarekani Weusi wa kusini mwa Marekani, na umbo lake lililozoeleka ni beti za mistari mitatu ambamo mstari wa kwanza hurudiwa kabla ya wa tatu kuujibu. Hoja ya kawaida ni kwamba santuri ni nakala, na kwamba asili ni mpigaji aliyesimama jukwaani. Mwanafalsafa wa Kijerumani Walter Benjamin, katika insha aliyoichapisha mwaka 1936, aliipa fikra hiyo msingi kwa kudai kuwa kazi ya sanaa ina namna ya kuwapo mahali fulani na wakati fulani ambayo mashine haiwezi kuinakili. Dai hilo lina uzito, lakini historia ya matamasha ya bluzi haiendi nalo sambamba.

Tamasha la muziki wa jadi la Newport, katika jimbo la Rhode Island, lilianzishwa mwaka 1959, na kati ya mwaka 1963 na 1965 liliwapandisha jukwaani wazee ambao wasikilizaji wao vijana, wengi wao Wazungu, walikuwa wakiwajua kwa santuri tu. Mississippi John Hurt alirekodi nyimbo zake mwaka 1928, akaendelea na kazi za shamba, hadi mwaka 1963 alipofuatwa Avalon, kijiji alichokuwa amekitaja katika wimbo wake mmojawapo. Skip James, aliyerekodi mwaka 1931, alikutwa hospitalini Tunica mwaka 1964, na majira hayohayo ya kiangazi akaimba Newport. Kisa cha Son House ndicho kinachofikirisha zaidi: alirekodi mwaka 1930, akahamia Rochester, na alipopatikana mwaka 1964 alikuwa ameliweka gitaa chini kwa miaka mingi, hata ikabidi kijana aliyeitwa Alan Wilson, ambaye alikuwa amezichunguza santuri za House kwa makini, amsaidie kuzikumbuka nyimbo zake mwenyewe.

Hapo mpangilio wa Benjamin unapinduka. Iwapo mzee anajifunza upya wimbo wake kwa kijana aliyeupata kwenye santuri, basi santuri imekalia kiti cha asili na mwenye wimbo amekuwa nakala inayopimwa kwa sauti yake ya ujanani, na huenda akaonekana kupungukiwa. Msikilizaji aliyekwenda Newport kutafuta mwaka 1930 hakuwa akimsikiliza mtu aliye mbele yake, alikuwa akimkagua.

Isitoshe, santuri yenyewe haikuwa asili ya chochote. Sahani za wakati huo zilibeba takriban dakika tatu kila upande, ilhali katika vilabu vya pombe vya mashambani wimbo uliendelea kadiri wachezaji walivyotaka, beti zikiongezwa, zikipunguzwa, na nyingine zikihamishwa kutoka wimbo mmoja hadi mwingine. (Kikomo hicho hakikuwa cha bluzi peke yake: mwaka 1928, uleule ambao Hurt alirekodi, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, Siti binti Saad, alisafiri hadi Bombay kurekodi, na taarabu nayo ikabidi ikatwe kwa kipimo cha sahani.) Wala wapigaji wa jimbo la Mississippi, walikotoka wazee hao, hawakuishi mbali na mashine. Mtafiti Lewis Jones wa Chuo Kikuu cha Fisk aliorodhesha santuri zilizokuwa katika mashine za muziki za mji wa Clarksdale mwanzoni mwa miaka ya 1940, na humo mlikuwamo nyimbo za bendi kubwa za mijini, ikiwemo ya Count Basie. Asili iliyo safi, ambayo kila kilichofuata kingekuwa nakala yake, haionekani popote.

Pengine mfano mkali kuliko yote ni wa tarehe 23 Desemba 1938, katika ukumbi wa Carnegie, New York. Mwandaaji wa onyesho la usiku huo, John Hammond, alimtaka mpigaji wa bluzi Robert Johnson, lakini Johnson alikuwa amefariki Agosti ya mwaka huo; Hammond akaamua kuzipiga santuri zake mbili pale jukwaani, na nafasi ya marehemu ikachukuliwa na mpigaji mwingine wa bluzi, Big Bill Broonzy, aliyetambulishwa kama mkulima wa Arkansas ingawa alikuwa ameishi Chicago kwa miaka mingi na kurekodi huko pamoja na bendi. Usiku mmoja, basi, ukumbi ulisikia sauti halisi ya mtu asiyekuwapo, kisha ukamwona mtu aliyekuwapo akiwa amevishwa maisha yasiyo yake. Atakayesema ni kipi kati ya hivyo kilichokuwa na uhalisi lazima kwanza aache kuuelewa uhalisi kuwa ni kufanana na jambo lililopita.

Maana inayobaki ni nyingine: onyesho ni halisi pale ambapo bado linaweza kwenda vingine. Mpigaji anaweza kukosea, kurefusha ubeti kwa sababu watu wameupokea, au kuukatisha kwa sababu wamenyamaza, na santuri haina uwezo huo hata ikitoa sauti safi namna gani. Inaweza kupingwa kwamba hadhira ya Newport ilikaa vitini kimya, haikucheza, na kwa hiyo haikuwa na la kumjibu mpigaji. Pingamizi hilo ni la kweli kwa sehemu, na linaonyesha kuwa uhalisi wa onyesho hautegemei mpigaji pekee.

Kwa kipimo hiki, wahakiki wa Uingereza waliochukizwa na gitaa la umeme la mpigaji wa bluzi Muddy Waters alipopiga huko mwaka 1958, wakitamani gitaa kavu la shambani, walikosea. Alikuwa amehamia Chicago tangu mwaka 1943, na gitaa hilo lilikuwa sauti ya mahali alipoishi. Kilichokuwa cha kuigiza ni yule mkulima waliyemtaka awe.